Maisha ya Mwalimu Kioo, na Ukweli Kuhusu Mlango wa Bafuni

Wapendwa mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia inawashukuru. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu pia, maana bila yeye hakuna kati yetu ambaye angeweza kusimama hapa asubuhi ya leo. Tutasoma maisha ya marehemu tangu mwanzo hadi mwisho, na hatutaruka kitu. Hata lile la mlango, ambalo limesemwa sana barabarani na sokoni tangu alipoanguka, tutalisoma. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza lisomwe mbele za watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa tatu wa baba mpiga chapa na mama mshonaji. Alizaliwa mdogo sana, hata mkunga akamshauri mama asiharakishe kumpa jina. Mama hakungoja. Alimfunga mtoto kifuani na kumpa jina jioni ileile. Kilichomtoa mtoto huyo katika hatari hakuna aliyekijua ila Mungu, lakini kaka yake mkubwa amekuwa akisema ni ukaidi. Akiwa bado hajaanza shule, mvua kubwa ilijaza mtaro uliokuwa mbele ya nyumba. Kaka Mkubwa akataka kumbeba amvushe. Marehemu akakataa, akaruka, akatumbukia. Kaka Mkubwa alipomtoa, ameloa chapachapa, badala ya asante akaambulia kofi. "Nilikuwa natoka!" alimfokea. Wazazi wetu walicheka kisa hicho hadi walipofariki.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alimaliza mwaka 1980. Kiingereza hakikumjia kwa urahisi. Kidato cha kwanza alikuwa akichekwa kila anaposimama kusoma, na likizo moja alirudi nyumbani akasema harudi tena shuleni. Baba akamletea mabaki ya karatasi kutoka kiwanda chake cha uchapaji, zilizochapwa Kiingereza upande mmoja, akamwambia: "Kama huwezi kuzisoma, zifungie vitafunwa." Alizisoma zote. Mwaka 1984 alihitimu chuo cha ualimu, na somo alilolichagua kufundisha ni lilelile lililomtoa machozi.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika sekondari ya kutwa iliyo karibu na kituo cha treni, na hakuhama hadi alipostaafu. Darasa lake lilikuwa la mwisho koridoni, lenye sakafu ya saruji iliyopasuka na madirisha yasiyofunga vizuri. Wengi hapa mmepita katika darasa hilo, na mnajua kwa nini aliitwa Mwalimu Kioo. Kando ya ubao kilining'inia kioo cha kujitazamia, kirefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikitumia kufundisha yale maneno ya Kiingereza yanayotumika pale ambapo mtenda na mtendewa ni mtu yuleyule.

Alikuwa anaanza na Kiswahili. Aliandika ubaoni najiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha, akazungushia duara ile "ji" kila ilipo. "Mnaona? Sisi tumeificha tumboni mwa kitenzi, na haibadiliki, awe nani awe nani. Mwingereza ameitoa nje, ameiweka nyuma, na kila mtu ana ya kwake." Hapo ndipo yalipokuja *myself*, *yourself*, *himself*, *herself*, na ya wengi: *ourselves*, *yourselves*, *themselves*. Kisha alimwita mwanafunzi mbele ya kioo, akampa kitambaa kilicholoweshwa maji. Mwanafunzi anajifuta uso, darasa linasema sentensi. Halafu alimwita wa pili, na yule wa kwanza anamfuta mwenzake uso. "Sasa je, bado ni mtu mmoja?" "Wawili!" "Basi neno letu linakwenda wapi?" "Linaondoka!" Alisema mtu akishajiuliza swali hilo tu, mtenda na mtendewa ni mmoja au wawili, hana haja ya kukariri kurasa na kurasa.

Jioni alifundisha watu wazima waliotaka kurudia mtihani. Huko ndiko alikocheka zaidi, kwa sababu watu wazima walikuwa wanachukua Kiswahili chao chote na kukivusha kama kilivyo. Msusi mmoja aliandika kwamba dada yake alijifungua mtoto wa kiume, na kwa Kiingereza chake dada huyo alikuwa amejifungua kweli, kama mtu afunguavyo mfuniko. Mwalimu akamwambia, "Shoga, dada yako si kopo la maziwa. Hapa Mwingereza hana 'ji', anatumia maneno mengine kabisa." Mlinzi mmoja, aliyekuwa anakuja darasani na sare ya kazi, aliulizwa anafanya nini jioni. Akasimama kwa fahari: "*I teach myself English.*"

"Unajifundisha mwenyewe?" Mwalimu akamuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Najifunza."

"Na mimi hapa mbele ni pazia?"

Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu akawaeleza kuwa kujifunza kwetu kuna "ji", lakini kwa Mwingereza *learn* inasimama peke yake, na ukiibandika hiyo *myself* umemfukuza mwalimu kazi. Mlinzi huyo yuko hapa leo. Alifaulu.

Ndoa yake nayo ilitokana na kioo hicho. Mwaka 1988 alikuja seremala kutengeneza madawati ya shule, na Mwalimu akamwomba akitundike. "Kioo darasani, Mwalimu? Unataka wasichana wajipambe?" aliuliza. "Nataka wajione," akajibiwa. Alikitundika vizuri. Kesho yake akarudi kukinyoosha, na wiki iliyofuata akarudi tena. Mwalimu mkuu akasema kwa sauti, wote wasikie, "Fundi gani huyu anarudi kunyoosha kitu kilichonyooka?" Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989, na Mungu akawajalia binti mmoja na kijana mmoja. Maisha yao yote walikaa katika nyumba iliyoko nyuma ya karakana, yenye harufu ya vanishi hadi kwenye shuka. Milango yote ya nyumba ile Fundi aliitengeneza kwa mikono yake. Waliitana Mwalimu na Fundi hata mbele ya watoto. Ukimsikia amemwita "mume wangu", ujue kuna jambo zito.

Ugonjwa ulianza mwaka 2016, kwenye mkono wa kulia. Mwandiko wake ubaoni ukawa unapungua, ukapungua, hadi kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mwalimu, andika kwa sauti!" Alicheka pamoja nao. Kisha mkono ukaanza kutetemeka hata akiwa ameupumzisha, na miguu ikawa inasita kila anapotaka kugeuka. Daktari alisema ni maradhi ya mishipa ya fahamu, kwamba dawa zipo za kuyapunguza makali lakini hazipo za kuyaondoa, na kwamba atakakamaa polepole. Mwalimu alimuuliza swali moja tu: "Akili itabaki?" Daktari akasema kwa wengi inabaki muda mrefu. "Hiyo nayo ni adhabu," akasema, na wakarudi nyumbani.

Alistaafu shule ya kutwa, lakini darasa la jioni hakuliacha. Alilihamishia karakanani, katikati ya mbao na maranda, na kioo chake kikaegemezwa kwenye meza ya randa. Waliosoma naye miaka hiyo ya mwisho wanaisimulia jioni moja. Alikuwa anafundisha somo lake lile, akataka kuwaonyesha mtu anayevaa. Akachukua sweta yake, akaivaa, akaanza kufunga vifungo mbele ya kioo. Vidole vikakataa. Kifungo kinafika tunduni, mkono unatikisika, kinarudi. Msusi hakuvumilia, akainuka kwenda kumsaidia.

"Kaa chini," Mwalimu akamwambia bila kugeuka. "Sentensi haijaisha."

Msusi akakaa. Wakangoja. Mlinzi alichelewa zamu yake siku hiyo na hakujali. Kifungo cha mwisho kilipoingia, Mwalimu aliwageukia, jasho linamtiririka, akasema, "Haya, semeni." Wakasema, *She dressed herself*, amejivika mwenyewe.

Sasa tufike kwenye mlango.

Mwaka jana kuoga kulikuwa kumekuwa kugumu. Alikuwa anaingia bafuni na ndoo yake, anafunga komeo kwa ndani, na Fundi anasimama nje hadi atoke. Binti yake aliomba amwogeshe, akakataa. Mdogo wake wa kike aliomba, akaambiwa aende akaogeshe wajukuu zake. Alianguka mara mbili bila kuumia sana. Mara ya pili Fundi alichukua bisibisi, na Mwalimu alipokuwa karakanani na wanafunzi, akalitoa komeo.

Mwalimu aliporudi ndani aliona matundu ya skrubu.

"Fundi. Komeo la bafuni liko wapi?"

"Nimelitoa, Mwalimu."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ukianguka tutaingiaje?"

"Mtagonga."

"Na usipoitika?"

"Basi mtajua nimeanguka." Halafu akakaa kitandani, akasema maneno ambayo binti yake aliyasikia kutoka jikoni: "Mkono umekwenda. Mwandiko umekwenda. Kutembea kumekwenda nusu. Nimebakiwa na chumba kimoja ambacho naingia mimi na Mungu wangu tu, na hicho nacho umekifungua. Umenioa mtu mzima, Fundi. Usinizike mtoto mchanga."

Fundi alijaribu kila namna. Alisema ataweka pazia, atageuza uso, hatamruhusu mtu yeyote kupita koridoni. Mwalimu hakugomba tena. Aliacha tu kuoga. Alikaa hivyo wiki nzima na zaidi, mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani bila kola iliyopigwa pasi, na akaacha kwenda kufundisha kwa sababu alijua ananuka. Wanafunzi walikuja jioni wakakuta karakana ina giza. Binti akamlilia baba yake, "Baba, anakufa akiwa hai." Fundi akalirudisha komeo. Alikaza skrubu huku machozi yanamdondokea kwenye mikono, na binti alimwona. Mwalimu alikuja, akalivuta, akalirudisha, akalivuta tena. Akasema, "Asante, mume wangu." Siku ile alioga, na jioni akafundisha.

Tarehe 2 Machi mwaka huu, siku ya Jumapili, alikuwa anajiandaa kwenda ibadani. Fundi, aliyekuwa nje ya mlango, alisikia ndoo ikigonga sakafu. Alipoita, Mwalimu aliitika, "Nipo." Alipomwambia afungue, akasema, "Siwezi." Mlango ule ulikuwa wa mbao ngumu, umetengenezwa na mtu aliyekuwa anaitengenezea familia yake, na ukamkatalia. Aliupiga bega, ukamrudisha. Ikabidi akimbie karakanani kuchukua shoka. Alipouvunja, alimkuta mkewe sakafuni, nyonga imevunjika, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Alikuwa amelivuta taulo akajistiri kwanza.

Hospitali walimpasua na kuunga mfupa. Kaka Mkubwa alisafiri kutoka mbali, akafika akiwa na uchungu wa mtu aliyemlea mdogo wake. Aliposikia habari ya komeo, alimwita Fundi koridoni, na hapo palikuwa na watu.

"Shemeji, lile komeo si ulikuwa umelitoa?"

"Nililitoa."

"Nani akalirudisha?"

"Mimi."

"Mgonjwa hawezi kusimama, wewe unamfungia komeo! La nini? Ulimchoka dada yangu, si useme umemchoka, tuje tumchukue?"

Fundi aliangalia sakafu, hakujibu. Kunyamaza kwake ndiko kulikoenea mjini. Alipoulizwa baadaye na mwanawe kwa nini hakujitetea, alisema, "Ningesema ni yeye aliyetaka, ningekuwa namshtaki mgonjwa kwa ndugu zake." Mwalimu alipopata habari hizo alimwita kaka yake, akamwambia kuwa yeye ndiye aliyelazimisha komeo lirudi, na kwamba siku ile alilivuta kwa mkono wake. Kaka Mkubwa hakuamini. "Unamkingia mumeo kifua," alisema. Ndugu wakagawanyika. Wapo waliokataa hata kupokea chai kutoka mkononi mwa Fundi.

Haya yafuatayo Kaka Mkubwa amekubali yasomwe.

Alasiri moja Fundi alikwenda nyumbani kubadili nguo, na Kaka Mkubwa akabaki wodini. Nesi akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa, amsafishe mgonjwa. Mwalimu akamwambia nesi aliweke beseni kwenye kimeza, aende kwa wengine. Halafu akamgeukia kaka yake.

"Kaka, vuta pazia. Utoke."

"Wewe, kijiko chenyewe kinakushinda!"

"Vuta pazia."

"Ukianguka hapo kitandani je? Mdogo wangu, nakuomba, nimwite nesi."

"Nikianguka, nitakuwa nimeanguka mimi. Toka, Kaka. Usinifanye nikuombe mara mbili."

Kaka Mkubwa ni mtu mzima, amesimamia mafundi na vibarua maisha yake yote, hajazoea kuamriwa. Alimtazama mdogo wake usoni. Akavuta pazia, akatoka.

Fundi alimkuta amesimama kando ya mlango wa wodi, kichwa kimeegemea ukuta.

"Shemeji, mbona uko nje?"

"Ana beseni. Kaniambia nitoke."

"Ukatoka?"

"Nikatoka."

Fundi aliweka chupa ya chai chini, akakaa kwenye benchi. Kutoka nyuma ya pazia walisikia maji: kitambaa kinachovywa, kinadondoka, kinachovywa tena. Kaka Mkubwa naye akakaa.

"Ndivyo ulivyokuwa unafanya?"

"Kila asubuhi."

"Unavumiliaje?"

"Nasikiliza maji," Fundi akasema. "Maji yakinyamaza, na moyo unanyamaza."

Wakasikiliza pamoja, wasitazamane. Mwalimu alipowaita waingie, shuka ilikuwa imeloa nusu na povu limekauka shavuni, lakini alikuwa ameoga. Kaka Mkubwa hakuweza kukaa. Alirudi koridoni, akafunika uso kwa mikono miwili, akamwambia Fundi, "Nimekukosea. Nimekukosea mbele za watu." Fundi akamwambia, "Njoo tunywe chai, inapoa."

Kichomi kilimwingia wiki ya pili baada ya operesheni, na kifua kikakataa dawa. Alipoona nguvu zimekwisha, alimwita mumewe, si nesi wala binti, akamwambia, "Mume wangu, njoo unioshe." Fundi alimwosha uso, shingo na ile mikono iliyokuwa haitulii. Alimwosha taratibu, kama anayepiga vanishi. Baadaye Mwalimu akamwita mdogo wake wa kike, akampa agizo: "Mtakaposoma maisha yangu, someni na mlango. Semeni nilitaka mimi, na nilifunga mimi. Nilijua naweza kuanguka. Msimzike Fundi na mimi." Tarehe 21 Machi, asubuhi, jua likiwa limeshaingia wodini, alivuta pumzi ya mwisho. Mumewe na kaka yake walikuwa kila mmoja upande wake.

Hatutasema kuwa alichofanya kilikuwa sahihi. Kilimuua. Tunaoamini tunajua kuwa Mungu ndiye mwenye uhai, na tumemwachia yeye hukumu ya jambo hili. Tunachosema ni kilichotokea na nani alikitaka, kwa sababu yuko mtu aliye hai anayetembea na uzito huo barabarani.

Jeneza lililo mbele yetu halikununuliwa. Wapo ndugu waliosema mikono ya Fundi isiguse jeneza lake, litafutwe la dukani. Kaka Mkubwa hakubishana nao. Alikwenda karakanani, akavua koti, akashika ncha ya ubao ili Fundi apate kukata. Alishika kila ubao hadi mwisho. Hajui useremala, na mbao mbili zilikatwa upya kwa sababu yake, na ndiyo maana upande mmoja, mkitazama vizuri, mtaona kiraka kidogo. Fundi alitaka kukibadilisha. Kaka Mkubwa akamwambia, "Kiache. Na mimi nilikuwepo."

Marehemu ameacha mume, Fundi, aliyekaa mstari wa mbele, bega kwa bega na Kaka Mkubwa. Ameacha binti yake na mkwewe, kijana wake, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike, wifi zake, na watu wengi wanaojua kutunga sentensi ya Kiingereza kwa sababu yeye alikuwepo.

Tukishamaliza kufukia, Fundi atasimama kando ya kaburi, na Kaka Mkubwa atasimama naye. Piteni wote. Mpeni mkono wa pole, na asiwepo wa kumpita.

Ee Mungu, mpokee mja wako. Alichoka muda mrefu, na sasa mpe pumziko lenye amani. Amina.